Herpesi: kidonda hakina tarehe

Mara ya mwisho niliandika hapa juu ya mbegu za maharagwe, na kuna mwenzetu aliniuliza kama sisi watu wa agronomia tuko na kitu kingine cha kusema. Kiko. Leo nataka tuongee historia ya ugonjwa mmoja wa sehemu za siri, herpesi, ile wengine wanaita malengelenge ya siri. Nitaanza na mimi mwenyewe, juu bila hiyo hamtaelewa kwa nini mtu wa mihogo amekaa usiku anasoma mambo ya waganga wa zamani.

Mwaka 2022 nilikuwa nimemaliza lisansi, nafanya kazi ya mkataba mfupi kwenye mashamba ya majaribio ya mihogo, upande wa Walungu. Nilikuwa na mchumba. Familia zilikuwa zimekwisha kuonana, tulikuwa tunahesabu ng'ombe za mahari. Siku moja narudi Bukavu nasikia kuwashwa na kuchomwa kule chini. Kesho yake naona vilengelenge vidogo vimekaa pamoja sawa mayai ya wadudu chini ya jani. Vikapasuka, vikawa vidonda. Kukojoa ilikuwa kama kumwagiwa pilipili. Homa ikaja, na matezi ya kinena yakavimba.

Lopitali sikuenda. Nilienda farmasi ya kona nikasema rafiki yangu iko na vidonda. Kijana wa pale alicheka kidogo, akanipiga shindano ya penisilini, akaniongezea vinini vya siprofloksasini. Kisha kama wiki mbili vidonda vikakauka, nami nikasema dawa imefanya kazi. Sasa ninajua kwamba vingekauka hata bila ile dawa.

Kichwani lakini kulikuwa hesabu nyingine. Nilijua kwamba tangu niko na huyu dada sijatoka inje. Basi kama mimi sikutoka, ni yeye alitoka. Kwa mtu aliyesoma statistiki miaka mitano, hesabu hiyo ilionekana safi kabisa. Nilimuuliza, akakataa, akalia, na ile kulia nikaichukua kuwa ushahidi. Nikamtuma baba mudogo kwa wazazi wake aseme mambo ya mahari yasimame kwanza. Baba mudogo sikumpa sababu. Upande wao walijitafutia sababu wenyewe, na mtaa ukawasaidia kuitafuta.

Miaka miwili ikapita. Vidonda vilirudi mara tatu, kila mara vidogo kuliko vya kwanza, kila mara nikajificha. Halafu ikafika mpox. Mnakumbuka: aina mpya ya ile virusi ilionekana Kamituga, hapa kwetu Kivu ya Kusini, tangu Septemba 2023, na tarehe 14 Agosti 2024 OMS ikatangaza hali ya hatari kwa dunia nzima. Kule Kamituga wagonjwa wengi walikuwa na vidonda vya sehemu za siri. Vyangu viliporudi mwezi wa tisa, uoga ukashinda haya. Nilienda.

Munganga alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye kuuliza maswali bila kukutazama kwa ukali. Alichukua maji ya kilengelenge kwa kijiti cha pamba, akachukua damu ya kupima kaswende na VIH. Siku ya majibu aliniketisha.

— Mpox hapana. Kaswende hapana, VIH hapana. Hii uko nayo ni herpesi.

— Dokta, ni nani alinipatia?

— Ulianza kulala na wanawake mwaka gani?

Nilihesabu. Nilikuwa na miaka 19, mwaka wa kwanza wa inivesite.

— Basi inaweza kuwa tangu pale. Inaweza kuwa katikati. Inaweza kuwa na huyu wa mwisho, na yeye pia hajui kama iko nayo. Kidonda hakina tarehe, mutoto wangu.

Nilitoka nikakaa kwenye ukuta wa inje. Nilifikiri mihogo. Mara ngapi nimesimama mbele ya wakulima nikiwafundisha mozaiki: mutu analeta mti mzuri wa muhogo, majani yake kijani, anakata vipande, anapanda. Kisha wiki chache shamba linakuwa na madoa ya njano, majani yanajikunja. Anaanza ugomvi na jirani yake, anasema ni shamba lako limeniletea. Kumbe ugonjwa ulikuwa umelala ndani ya mti alioubeba mwenyewe mabegani. Hiyo ninaifundisha kwa mishahara, na juu ya mwili wangu nilifanya ugomvi wa jirani.

Basi nikaanza kusoma, kutafuta tangu lini watu wanaamini kwamba kidonda hiki kinasema nani amekosa.

Neno ni la Wagiriki. Katika vitabu vya shule ya Hipokrate, zaidi ya miaka 2000 iliyopita, herpes inatokana na kitendo cha kutambaa, kama nyoka. Waliita hivyo vidonda vingi vinavyotambaa juu ya ngozi, na si kila herpesi ya wazee wale ni hii yetu. (Hata leo watu wanachanganya na mkanda wa jeshi, ile inayozunguka mbavu upande mmoja. Hiyo ni ndugu yake katika ukoo wa virusi, lakini ni ugonjwa mwingine na haitoki kwa zinaa.) Aliyeielezea wazi herpesi ya sehemu za siri ni Jean Astruc, munganga wa mfalme Louis XV wa Ufaransa, katika kitabu chake cha Kilatini juu ya magonjwa ya zinaa cha mwaka 1736. Tangu pale ikapangwa kwenye rafu moja na kaswende.

Mwaka 1883 kuna Mjerumani, Unna, munganga wa ngozi wa Hamburg, aliyeandika kwamba anaiona sana kwa wanawake makahaba. Hapa mimi nasimama kidogo. Katika miji kama Hamburg wakati ule, makahaba walikuwa wanaandikishwa na polisi na kulazimishwa kupimwa kila mara. Mke wa mfanyabiashara hakuna aliyempima, na bwana wake pia hapana. Ukikagua shamba moja tu katika kijiji, wadudu wote wa kijiji utawakuta kwenye shamba lile. Ninaona kwamba sehemu kubwa ya jina baya la ugonjwa huu imetoka pale: waliotazamwa ni wale ambao tayari walikuwa wamehukumiwa.

Virusi yenyewe ilikuwa haijajulikana bado, na hapa wandugu wa kitivo chetu mnaruhusiwa kujisikia kidogo. Virusi ya kwanza ambayo watu waliitambua haikutoka lopitali, ilitoka shambani. Mwaka 1892 Mrusi Ivanovsky alikamua majani ya tumbaku yenye mozaiki, akapitisha maji yake kwenye chujio ya udongo ambayo bakteria hazipiti, na yale maji yakaendelea kuambukiza. Mwaka 1898 Beijerinck wa Uholanzi akarudilia jaribio akasema hiki ni kitu kingine, kidogo kuliko bakteria, kinachozaa ndani ya mmea hai tu. Ni kwa mlango huo uliofunguliwa na ugonjwa wa tumbaku ndipo wengine wakapita. Löwenstein alichapisha mwaka 1919 kwamba ukichukua maji ya kilengelenge cha herpesi ukayaweka kwenye jicho la sungura, jicho linaugua. Grüter, munganga wa macho wa Ujerumani, alikuwa amekwisha kufanya majaribio ya namna hiyo kabla yake. Ikaonekana kwamba malengelenge ya mdomo na ya chini yanaweza kumgonjwesha sungura vilevile.

Lakini kilichokuwa kinawasumbua ni kile kilichonisumbua mimi: kwa nini inarudi? Kaswende mutu anaweza kuponywa. Hii inakauka, miezi inapita, inarudi palepale. Mwaka 1929 Mmarekani Goodpasture alisema virusi inapanda kwenye mishipa ya fahamu na kujificha katika vifundo vyake, karibu na uti wa mgongo. Wengi hawakuitilia maanani. Ilifika miaka ya 1970 ndipo wachunguzi wakaikuta kweli imelala kwenye vifundo vile, kwanza kwa panya, kisha kwa maiti za watu. Kwa herpesi ya chini, vifundo ni vya mwisho wa mgongo, nyuma ya kiuno. Mwili ukichoka, ukipata homa au mawazo mengi, virusi inashuka tena kwa mshipa ule ule hadi kwenye ngozi. Wakati mwingine inashuka bila kufanya kidonda chochote, mutu hasikii kitu, na siku hiyo anaweza kuambukiza.

Someni tena hiyo sentensi ya mwisho, juu ndiyo ilibomoa hesabu yangu ya 2022. Mtu anaweza kuibeba miaka bila kidonda. Anaweza kuambukiza bila kujua. Kidonda cha kwanza anachokiona kinaweza kuja siku chache kisha kuambukizwa, au kinaweza kuja miaka mingi baadaye. Na kuna jambo lingine: mwaka 1968, Nahmias na Dowdle wa Marekani walionyesha wazi kwamba ziko aina mbili, ya kwanza inayopenda mdomo, ya pili inayopenda chini. Hiyo ya mdomo wengi tunaipata tukiwa watoto, kwa busu la shangazi. Lakini inaweza kushuka, kwa kinywa, hadi sehemu za siri. Mutu anaweza kupata herpesi ya chini kutoka kwa mwenzake ambaye hajalala na mtu mwingine maisha yake yote.

OMS, katika makadirio iliyotoa mwishoni mwa 2024, inasema watu milioni 846 wa miaka 15 hadi 49 wako na herpesi ya sehemu za siri, zaidi ya mmoja kwa kila watano. Wengi wao hawajui. Aina ya pili peke yake iko kwa watu milioni 520, wanawake wengi kuliko wanaume, na Afrika ndiyo iko na sehemu kubwa zaidi. Kuhusu kutoka wapi, wachunguzi waliolinganisha jeni za virusi hizi walisema mwaka 2014 kwamba aina ya pili iliingia kwa mababu zetu kutoka kwa mababu wa sokwe, kama miaka milioni 1.6 iliyopita. Mimi nilikuwa natafuta mwenye kosa kati ya mwaka 2021 na 2022.

Kwa haya, hata Wamarekani hawakutushinda. Agosti 1982 gazeti TIME liliweka herpesi kwenye jalada na kuiita herufi nyekundu ya siku hizi, likikumbusha riwaya ya Hawthorne ambamo mwanamke aliyezini anavalishwa herufi nyekundu kifuani. Na ni mwaka huo huo dawa ya kwanza ya maana, asiklovir, iliruhusiwa kule, kwanza kama mafuta ya kupaka. Vinini vilifuata mwaka 1985.

Habari ya dawa hii nitaieleza kwa ajili ya wale wetu wanaouza vitenge na lisansi yao iko kwenye sanduku. Mwanamke aliyeongoza kazi yake anaitwa Gertrude Elion, wa New York. Alimaliza chuo mwaka 1937 kwa kemia, maabara zikamkataa juu ni mwanamke. Alifundisha, alifanya kazi bila mshahara, na kuna wakati kazi yake ilikuwa kupima uchachu wa achari na rangi ya kiini cha yai kwa kampuni ya chakula. Mwaka 1944 akaingia kampuni ya dawa ya Burroughs Wellcome. Udoktari hakuwahi kuumaliza. Mwaka 1988 alipewa Nobel ya tiba pamoja na Hitchings na Black.

Akili ya asiklovir ni nzuri. Dawa inaingia mwilini ikiwa imelala. Kinachoiamsha ni kimeng'enya cha virusi yenyewe; seli isiyokuwa na virusi karibu haiiamshi. Ikiamka, inazuia virusi kujinakili. Lakini virusi iliyolala kwenye kifundo haijinakili, basi dawa haina cha kuzuia pale. Ndiyo sababu asiklovir inafupisha vidonda na kuvipunguza, haiiondoi herpesi mwilini. Anayewauzia dawa ya kung'oa herpesi kabisa, iwe ya majani, iwe ya chupa, anawaibia. Chanjo pia haijapatikana hadi leo.

Huku kwetu ugonjwa huu ulikuja kuangaliwa kwa nguvu juu ya SIDA. Kinshasa kulikuwa na Projet SIDA kuanzia 1984, Wakongomani, Wamarekani na Wabelgiji pamoja, hadi uporaji wa 1991 ulipoufunga. Wakati huo ndipo wachunguzi wa Kinshasa na Nairobi walianza kuona kwamba magonjwa mengine ya zinaa yanafungulia VIH mlango. Mwanza, ng'ambo ile ya ziwa Victoria, mwaka 1995 walionyesha kwamba vituo vya afya vya vijijini vikitibu vizuri magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili tu, maambukizi mapya ya VIH yanapungua karibu asilimia 40. Kwa herpesi habari haikuwa tamu hivyo. Mwenye aina ya pili ana hatari kama mara tatu ya kuambukizwa VIH, lakini walipojaribu kuwapa watu asiklovir kila siku ili kuzuia VIH, Mwanza na kwingine, vidonda vilipungua na VIH haikupungua. Matokeo yalitoka kati ya 2008 na 2010. Nayaandika juu kuna watu wanaokunywa asiklovir wakifikiri ni kinga ya SIDA. Si kinga.

Dada mmoja wa promosheni yangu, ni enfirmie, alisoma rasimu hii akaniambia: historia yako nzuri, lakini andika saa gani mutu anaenda lopitali, juu ndiyo watauliza. Ninaandika alivyonieleza na nilivyosoma.

Kidonda cha kwanza cha sehemu za siri, chochote kile, uende. Hata kama unajua ni herpesi. Juu hujui. Kidonda kimoja, kigumu, kisichouma, kinaweza kuwa kaswende, na kaswende inajificha halafu inaharibu moyo na ubongo, wakati shindano ya penisilini inaiponya. Na kwa sisi wa Kivu, vidonda chini pamoja na homa, upele kwenye mwili na matezi, siku hizi lazima mtu afikirie mpox, aende mapema, asilale na mtu. Mwambie munganga akupime na VIH. Kama ni herpesi ya kwanza, kawaida ni asiklovir miligramu 400 mara tatu kwa siku, siku 10. Ikirudi, siku 5. Inasaidia zaidi ukianza siku ya kwanza, hata ile siku unasikia tu kuwashwa kabla ya vilengelenge. Mimi niliianza mara ya nne. Wale ambao inawarudia mara nyingi wanaweza kupewa ya kila siku. Vidonda viweke safi na vikavu, maji na chumvi kidogo yanatosha. Mafuta ya breki, majivu, dawa ya meno, hapana. Ukigusa, nawa mikono kabla ya kugusa jicho.

Kuna hali ambazo hutangoji kesho. Mkojo ukikataa kutoka. Kichwa kikiuma sana na shingo kukaza, au mtu kuanza kuchanganyikiwa. Jicho likiwa jekundu na kuuma, hasa kama uko na vidonda. Mwenye VIH ambaye vidonda vinapanuka au vinapita wiki mbili bila kukauka asikae nyumbani. Na mwanamke mwenye mimba, kila kidonda cha chini akionyeshe, hata kile anachoona ni kidogo kama alama ya kalamu.

Watu pia wananiuliza juu ya choo. Virusi hii haivumilii kukaa inje ya mwili. Inapita ngozi kwa ngozi. Choo cha jirani tukiache kipumzike. Kapote inapunguza hatari sana, haiimalizi, juu kuna ngozi ambayo kapote haifuniki. Wakati wa vidonda, na siku ile ya kuwashwa, hakuna kulala pamoja, na kapote hata bila vidonda.

Kwa mchumba wangu nilienda mwenyewe, Desemba 2024, bila baba mudogo. Nilimweleza yote, na mihogo ndani. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza swali moja:

— Kama mpox isingefika, ungelikuja?

Sikujibu, juu jibu alilijua. Baba yake alinikata faini ya mbuzi mbili kwa kumwaibisha binti yake mtaani, nikalipa, na bado nafikiri ilikuwa bei rahisi. Tulifunga ndoa 2025, sherehe ndogo, ule mwaka mnaujua.

Sasa iko na mimba ya miezi saba. Yeye hajawahi kuona kidonda hata siku moja. Inaweza kuwa iko nayo imelala, inaweza kuwa hana. Kipimo cha damu cha kutofautisha zile aina mbili kituoni kwetu hakipo. Munganga alituketisha sote wawili akatueleza kitu ambacho sikukijua. Mama aliyekuwa na herpesi tangu zamani, mtoto wake kwa kawaida hana shida, juu mama amekwisha kumpa kinga. Kama ana vidonda siku ya kuzaa ndipo wanafikiria kumpasua. Hatari kubwa ni mama anayeipata kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu ya mwisho. Mwili wake haujapata muda wa kutengeneza kinga, na mtoto anaweza kuipata wakati wa kutoka. Herpesi ya mtoto mchanga ni adimu, lakini inaua, na inayemwacha inaweza kumwacha na ubongo ulioharibika.

Basi kwa sisi, hatari ya yule mtoto ni mimi. Tukaamua kwamba tangu mwezi wa saba hadi kisha kuzaa hatutakutana. Nakunywa asiklovir asubuhi na jioni, juu ya hiyo. Tumekwisha kusema pia kwamba mtu yeyote mwenye kidonda mdomoni hatambusu mtoto, hata akiwa nyanya yake. Na kama mtoto katika wiki zake za kwanza atapata homa, au atakataa kunyonya, au atalala tu bila kuamka vizuri, au atatoa vilengelenge, tunampeleka lopitali siku ile ile na tunasema wazi: baba iko na herpesi.

Mama mukwe alikuja wiki iliyopita kusaidia binti yake. Asubuhi ya pili aliona godoro langu kwenye saluni. Alinyamaza hadi jioni. Halafu akamwita mke wangu jikoni, na nyumba yetu ni ya mbao, nilisikia yote.

— Mulikosana tena na huyu bwana?

— Hapana, mama.

— Sasa juu ya nini analala inje ya chumba?

Nilingojea. Nilikuwa tayari kuingia nijieleze mwenyewe, na miguu haikusimama. Mke wangu alimwelezea pole pole, kwa Mashi, na neno herpesi katikati kwa Kifaransa. Ilichukua muda. Mama mukwe aliuliza kama inaponywa, akauliza kama mtoto atakuwa mzima, akauliza kama ndiyo ile sababu ya mwaka 2022. Alipotoka jikoni alinipita bila kusema kitu. Baadaye akarudi na blanketi la pili, juu saluni ina baridi, akaliweka juu ya godoro.

Maandishi haya mke wangu ameyasoma kabla yenu, na ni yeye aliyeniambia niiache ile habari ya kulia kwake. CPN inayofuata ni Jumanne, na safari hii mama mukwe amesema tutaenda watatu.